Hukumu Ikishasomwa

Tarehe 24 Septemba 2019 nilikuwa katika chumba cha mapumziko kazini, hapa Uingereza, Jaji Brenda Hale alipokuwa akisoma hukumu ya Mahakama ya Juu. Majaji wote 11 walikubaliana kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson alivunja sheria kwa kusitisha vikao vya Bunge kwa wiki tano. Mwenzangu mmoja aliosha kikombe chake akajiandaa kurudi kazini. Alipoona nimeikodolea macho runinga, aliniuliza ninangoja nini. Nilimjibu kwamba nangoja kusikia iwapo serikali itatii. Hakulielewa swali langu. Kesho yake wabunge walikuwa wamekwisha kurudi ukumbini.

Swali hilo nilitoka nalo Kenya. Kwa maandishi sisi ndio tulio mbele, kwa kuwa Katiba yetu ya 2010 inaeleza waziwazi kwamba inavifunga vyombo vyote vya dola, ilhali Uingereza haina hata katiba iliyokusanywa katika waraka mmoja. Ujasiri wa majaji nao tunao: mwaka 2017 walibatilisha uchaguzi wa rais, na uchaguzi ukarudiwa. Tatizo ni kwamba serikali yetu hujichagulia hukumu za kutii. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru vituo vya televisheni vilivyozimwa virudishwe hewani, lakini vikaendelea kuwa gizani kwa siku kadhaa. Majaji sita waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama mwaka 2019 walinyimwa uteuzi, licha ya uamuzi wa mahakama kuwa rais hana hiari katika jambo hilo, mpaka rais mwingine alipoingia madarakani Septemba 2022.

Sisemi kwamba huku Uingereza kuna malaika. Mahakama ilipoukataa mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda mwaka 2023, serikali ilipitisha sheria ya kutangaza kuwa Rwanda ni salama, ujanja ambao kwangu ni aibu, ingawa angalau ulipitia Bungeni.

Ninaloona limetupungukia ni kumbana mtu mwenyewe. Mwaka 2022 Johnson, akiwa bado Waziri Mkuu, alitozwa faini ya pauni 50 kwa kukiuka masharti ya korona yaliyowekwa na serikali yake. Kwetu serikali inaposhindwa kesi, fidia hutoka katika hazina ya umma, kwa hiyo mara nyingi afisa aliyekaidi amri hapotezi hata shilingi ya mshahara wake, na aliyeonewa hulipwa kwa kodi aliyoitoa yeye mwenyewe.