Jenereta si taa ya dharura

Muulize mwenye jengo la ghorofa pale Mwanjelwa au Kabwe, Mbeya, kuhusu taa za dharura, uone kama hatakupeleka nyuma kukuonyesha jenereta. Jenereta ni nzuri, biashara hailali. Lakini umeme ukikata, inachukua muda kuwaka, na moto ukishafika kwenye nyaya za jengo, hata ikinguruma namna gani, ngazi zitabaki giza.

Taa ya dharura yenyewe ina betri ndani. Umeme ukiwepo inachaji, ukikata inawaka palepale bila kumsubiri mlinzi. Na wala haidai mwanga mkubwa: kanuni za Uingereza zinataka angalau lux 1 sakafuni, katikati ya njia ya kutokea, yaani kadiri ya mshumaa mmoja ulio umbali wa mita 1. Kinachodaiwa zaidi ni kudumu. Huko kwa kawaida ni saa 3. Marekani, dakika 90.

Kwenye fremu zetu ngazi ziko katikati ya jengo, hazina dirisha, na nusu ya korido imejaa mabelo ya mitumba. Mchana wa saa nane tu, bila umeme, unapapasa ukuta.

Kumbi za harusi ndizo zinazonitisha zaidi. Juzi nilikuwa kwenye sendoff, ukumbi umefurika. Wapambaji walikuwa wamefunika ukuta mzima kwa kitambaa cha satini, pamoja na ile alama ya kijani ya mtu anayekimbia, inayoonyesha mlango wa dharura. Nilipofunua, taa haikuwa inawaka, na mlango wenyewe una kufuli. Msimamizi akasema wanaogopa wazamiaji. Haya.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 ipo, na wakaguzi wanapita. Ombi langu kwao ni moja: kagueni umeme ukiwa umezimwa. Taa iliyoning'inia ukutani miaka mitano bila kujaribiwa, betri yake huenda ilishakufa zamani. Kuijaribu ni kubonyeza kitufe chake kila mwezi, au kushusha breka ya taa, na mara moja kwa mwaka kuiacha iwake mpaka muda wake wote uishe. Fundi wa kawaida anaiweza.

Nanyi wapangaji, kodi ya miezi sita mnalipa kwa mkupuo. Kabla hujahesabu hizo noti, mwambie mwenye jengo azime swichi kuu, kisha mshuke ngazi pamoja, yeye akitangulia.