Maji ya magoti: joto la bahari na kazi ya mwanamke wa Lamu

Juzi Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu, barazani mbele ya ngome, mzee mmoja ninayemheshimu tangu utotoni alinikatiza. Nilikuwa nikieleza kwamba mabadiliko ya tabianchi hayamfikii mwanamume na mwanamke kwa njia moja. "Mwanangu," akasema, "bahari haina mke wala mume. Kusi ikivuma, inavumia wote." Wenzake wakaitikia, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki. Sikumjibu pale. Namjibu hapa, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa, na ile ya upande wa pili imeelezwa vibaya mno hata na wanaoipenda.

Tuanze na haki yake. Wanaozama nje ya mwamba wa matumbawe, dau likipinduka, ni wanaume. Wanaotoka alfajiri na petroli ya mkopo wakarudi na ndoo nusu ni wanaume. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018, waliolala njaa kwa kukosa kukata boriti za mikoko walikuwa wengi wao wanaume, na kila semina iliyofuata ilifunguliwa kwa maneno "kina mama ndio waathirika wakuu". Mtu aliyefiwa na ndugu yake baharini akisikia hivyo anaona amedharauliwa, na namwelewa.

Kisha kuna nyumba. Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, baba mwenye uwezo humjengea binti nyumba, na mume ndiye anayehamia. Wageni wanaotufundisha usawa wa kijinsia wakidhani mwanamke wa huku hana chochote hawakuuliza kwanza. Wazee husema: mke ana nyumba, sisi tuna chombo, kila mtu na chake. Kwa miaka mingi mgawanyo huo umesimama.

Lililoiharibu zaidi hoja ya upande wangu ni takwimu moja. Utaisikia kwenye mikutano na kuiona kwenye mabango: kwamba wanawake na watoto wana uwezekano mara 14 zaidi ya wanaume wa kufa katika majanga. Nami niliwahi kuitamka mbele ya watu, kwa sauti ya uhakika. Waliofuatilia asili yake wamekuta kila ripoti inaielekeza kwa ripoti iliyotangulia, na mwisho wa safari hakuna utafiti unaoweza kuibeba. Kinachoweza kubebwa ni kidogo zaidi, na kwangu kina uzito zaidi. Mwaka 2007 Eric Neumayer na Thomas Plümper walichapisha uchambuzi wa majanga ya mwaka 1981 hadi 2002 katika nchi zipatazo 141. Waliona kwamba kwa wastani majanga hufupisha maisha ya wanawake kuliko ya wanaume, lakini pengo hilo hupungua pale ambapo wanawake wana hali nzuri ya kiuchumi na kijamii. Yaani dhoruba haichagui, kama alivyosema mzee. Uchaguzi ulikwisha kufanyika kabla dhoruba haijaja, katika mambo kama nani anajua kuogelea, nani ana chombo, nani anapewa habari.

Hata hivyo, huko nako ni kuhesabu maiti, na Lamu mabadiliko ya tabianchi hayaji kwa dhoruba kubwa. Yanakuja polepole, kwa vipimo vya maji.

Ukitaka kuyaona, nenda kisiwa cha Pate wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida. Maji yakikupwa, wanawake hushuka mwambani kwa miguu, na chuma chenye ncha mkononi, kutafuta pweza kwenye mashimo. Hawahitaji dau, nahodha wala petroli. Ni kazi ya maji ya magoti, na ni karibu mlango pekee wa bahari ambao mwanamke wa huku hakuhitaji kumwomba mtu aufungue. Mlango huo ndio ulio karibu zaidi na jua. Maji ya kina kifupi hupata moto kwanza. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na mwaka 2016 matumbawe yakapauka tena, yaani yakapoteza rangi kwa joto. Pweza anapungua pia kwa sababu wavuvi wameongezeka na wadogo wanachukuliwa kabla ya kuzaa, siwezi kulitupia joto kila kosa. Lakini mwamba uliochoka kwa kuvuliwa sana hauponi upesi ukipigwa na joto juu yake. Na mwamba wa karibu ukiisha, mwenye chombo huenda wa mbali, mwenye miguu hubaki pale pale.

Anayedhani hii ni nadharia atazame Zanzibar. Kilimo cha mwani kilianza huko mwaka 1989, kikawa cha wanawake kwa sababu ile ile: hulimwa pwani, maji yakikupwa, kwa kamba na vigingi. Kuna mwani wa kotoni wenye bei nzuri, na ule wa spinosamu wa bei ya chini. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotoni ikawa inaugua na kufa. Ile ya bei ya chini ikavumilia. Kotoni bado inaweza kuota, ila kwenye maji ya kina, ambako yana ubaridi, na ambako unahitaji mashua na kujua kuogelea. Joto halikumfukuza mwanamke kazini. Liliichukua ile sehemu ya kazi yenye fedha na kuipeleka kilindini, na kilindini palikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyekufa hapo. Hakuna takwimu ya majanga itakayolinasa jambo hili. Kila ninapolifikiria naona ndilo lenyewe, na mengine yote ni maelezo yake.

Sasa ongeza maji ya kunywa. Vijiji vya Pate hutegemea majabia, yale matangi ya kukinga mvua, na visima vingi vya visiwani vimekuwa vya chumvi. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022, majabia yakakauka, na foleni ya maji yaliyoletwa kwa chombo ilikuwa ya wanawake na mabinti. Kuna jambo ambalo asiyejua bahari halioni. Katika pwani hii, kwenye bamvua, maji hukupwa sana karibu saa nne asubuhi. Mwezi una bamvua mbili, kila moja na siku tano au sita za kufaa kuvua, kwa hiyo mwanamke wa pweza ana siku kama 10 hadi 12 kwa mwezi, na kila siku saa tatu au nne tu. Chombo cha maji kikifika saa nne asubuhi siku ya bamvua, mtu huyu anachagua kati ya ndoo na mwamba. Akichagua ndoo, siku hiyo ya mwamba imempotea, na ikiwa ni ya mwisho ya bamvua, mwamba utamsubiri zaidi ya wiki. Mumewe naye hana wakati mzuri, lakini hapangi foleni ile.

Mzee atasema: basi nyumba yake inamlinda. Nyumba ni heshima kubwa, nami nimelelewa ndani ya moja. Ila kisima cha uani kikigeuka chumvi, nyumba haimpi maji, na huwezi kuisogeza ifuate samaki kama chombo.

Na kuna suala la majina. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Ilikuwa haki, na ilipiganiwa kwa miaka. Lakini tangu siku ile neno "mvuvi" likawa na bei, na huku kwetu ukilitamka, anayekuja akilini ni mtu wa chomboni. Anayeokota pweza kwa miguu huitwa mama fulani. Fedha za kukabiliana na tabianchi nazo zitapita kwenye orodha, na orodha zitaandikwa kwa maneno tuliyozoea.

Hapa nawalaumu pia rafiki zangu wa semina. Wanawasifu wanawake kuwa walinzi wa mazingira, kisha wanawakabidhi miche ya mikoko waipande, mara nyingi kwa posho ndogo au bila posho. Mikoko inahitajika, Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Lakini kibali cha kukata boriti kwa desturi ni cha mwanamume. Kumpa mmoja tope na mwingine boriti, halafu kuuita mradi huo usawa, kunamkera mzee wa Mkunguni kwa sababu zake na mimi kwa zangu.

Vijiji kadhaa vya Pate vimejaribu kufunga sehemu za mwamba kwa miezi ili pweza wakue, jambo lililoanzia Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004. Pweza hurudi wakubwa. Swali langu ni mwamba upi unafungwa na nani aliyekaa kikaoni, maana ukifungwa ule wa karibu, wenye vyombo wana pengine pa kwenda. Zanzibar baadhi ya wakulima wa mwani wamefundishwa kuogelea na kupewa mashua. Nilipomtajia mzee habari hiyo baadaye, alinyamaza kidogo, akauliza mashua hizo zimeandikwa kwa jina la nani.