Shamba la kwanza kuiva ni la ndege

Nikihudhuria mkutano wowote wa kilimo hapa Dodoma, hakosi mtu wa kusema kwamba wakulima wadogo ni wazito kupokea mbegu zinazostahimili ukame. Neno hilo huniuma. Nimelelewa kwenye shamba la mtama huko Kongwa, na huo wanaouita uzito nimeuona unakotoka.

Chukueni Macia, mtama ulioidhinishwa nchini mwaka 1999. Ni mfupi, una punje nyeupe na unawahi kukomaa. Mvua ikikata mwezi wa pili, kama ilivyo kawaida yake kwetu, Macia ina nafasi kubwa ya kuponea. Ukiishia hapo utashangaa kwa nini mtu aikatae.

Shangazi yangu hakuikataa. Aliipanda robo eka, mwaka ambao majirani wote walikuwa na lugugu, ule mtama wetu wa kienyeji unaompita mtu kwa urefu. Macia ikaiva peke yake, lugugu ikiwa bado mbichi kabisa. Basi kweleakwelea wote wa pande zile wakawa wageni wetu. Punje nyeupe haina ule ukakasi wa mtama mwekundu unaowafukuza. Wiki tatu tuliamia ndege, tunapanda dunguni kabla jua halijachomoza, tunapiga madebe, tunarusha kombeo, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Ukishuka kunywa uji tu, ukirudi unakuta masuke yamebaki makapi. Tulivuna madebe manne. Mwaka uliofuata shangazi alirudi kwenye lugugu, na mimi niliyekuwa dunguni siwezi kumlaumu.

Ndiyo maana nasema mbegu inayowahi haifai kupelekwa kwa mtu mmoja mmoja. Wakipanda watu wengi kwa wakati mmoja, ndege hugawana mashamba na hasara ya kila mtu hupungua. Lakini miradi mingi huchagua mkulima wa mfano, mmoja kwa kitongoji, anapewa kilo mbili na kupigwa picha. Kisha anaachwa na ndege wake.

Na hata pasipo ndege, mtama haupimwi kwa ukame peke yake. Mama wa nyumbani anatazama ugali wake unavyoshikana. Mwenye ng'ombe anataka mabua marefu, yale yale yanayojenga uzio. Wote wanauliza punje itakaa kihengeni muda gani kabla ya kubunguliwa. Halafu uwezo wa kuvumilia ukame huuoni mpaka ukame uje. Ukianza na misimu miwili ya mvua nzuri, huna cha kumwonyesha jirani. Mtu anayelisha watoto sita kwa eka tatu ana haki ya kujaribu pembeni misimu minne kabla ya kuhamisha shamba zima.

Kuna na mbegu zisizomfikia kabisa. Wahi na Hakika, aina mbili za mtama, zilitolewa mwaka 2002, nazo zinavumilia kiduha, gugu linalonyonya mtama kutoka mizizini. Nimewauliza wakulima ambao kiduha kinawatesa kila mwaka, hawajawahi kusikia majina hayo. Hapo nani amechelewa? Muuza pembejeo naye hana haraka. Mtama si kama mahindi chotara ya kununua kila msimu. Unachagua masuke mazuri, unayaning'iniza jikoni juu ya moshi, ndiyo mbegu ya mwakani. Jirani akija kuomba, unampimia kopo moja. Mbegu inayotembea hivyo haina risiti, kwa hiyo wanaohesabu mauzo ya dukani hawaioni.

Shangazi aliirudia Macia miaka minane baadaye, siku majirani sita wanaopakana naye walipokubali kuipanda wiki moja. Walipangiana zamu za dunguni nyumba kwa nyumba. Mbegu aliitoa yeye, kwenye masuke machache aliyokuwa akiyapanda nyuma ya jiko miaka yote hiyo ili yasipotee.