Mkuki wa Yego kwenye ubao wa fizikia

Agosti 2015, mjini Beijing, Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia. Mwalimu wa fizikia atapata wapi mfano mzuri kama huo? Tuchukulie hewa haipo na mkuki umeanzia usawa wa ardhi kwa nyuzi 45, pembe ambayo kitabuni hufikisha kitu mbali zaidi: hesabu inatoa mwendokasi wa karibu mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Mwanafunzi anayesinzia mbele ya risasi ya kubuni iliyofyatuliwa mlimani ataamka hapo, maana huyu mtu anamjua, tena anajua kwamba alijinoa kwa kutazama video za YouTube.

Wanaopinga kufundisha fizikia kwa mifano ya michezo, ukiacha kilio cha kila siku cha silabasi kutokwisha, wana hoja nzito. Mwili wa binadamu si kokoto. Nyuzi 45 ni za kitabuni. Uwanjani warushaji wakubwa huachia mkuki kwa nyuzi thelathini na kitu. Mkono unaachia ukiwa juu ya ardhi, hewa inaubeba mkuki, na misuli haitoi kasi ileile kwa kila pembe: ukielekeza juu zaidi, kasi inapungua. Kwenye kuruka chini pengo ni kubwa zaidi, mrukaji anaondoka kwa takriban nyuzi 20. Sasa nani mwongo, kitabu au Yego?

Kuna na tatizo la vipimo, darasa likitaka kupima mwendo kwa video ya simu. Simu ya kawaida hurekodi picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo mkuki wa Yego ungesogea mita nzima kati ya picha moja na inayofuata, tena ukiwa ukungu mtupu. Mkimbiaji wa shule, kwa mita saba au nane kwa sekunde, anasogea kama robo mita tu. Huyo anapimika, mradi simu isitikisike na alama za mita ziwekwe kando ya njia yake.

Mimi naegemea upande wa michezo, ila kokoto ya kitabuni itangulie. Darasa liizoee kanuni kwanza, ndipo Yego aletwe kuivuruga, na wanafunzi watafute wenyewe kwa nini 45 imekataa. Asiyependa kukimbia asilazimishwe kuwa kielelezo mbele ya wenzake. Ashike simu, asome picha moja baada ya nyingine na kujaza jedwali; fizikia nyingi iko hapo.