Friji haifunguliwi bila kandambili? Mwite fundi

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa 10, maduka ya vyombo vya umeme hapa Mtwara mjini yanachangamka. Friza, tivii na majagi ya kuchemshia maji vinapakiwa kwenye mabasi kwenda Tandahimba, Newala na Masasi. Nafurahi sana kuona jasho la mkulima likirudi nyumbani kwake. Ila nina ombi kwa ndugu zangu wa Kusini: kabla ya friza, hela ya kwanza impate fundi wa kukagua wayaringi.

Nyumba zetu nyingi zilifungwa umeme kwa ajili ya taa chache na redio. Vijijini watu waliunganishwa kwa shilingi 27,000, na ni jambo jema mno, lakini hela ile ni ya kufikishiwa umeme. Waya za ndani ni mzigo wa mwenye nyumba, na hapo ndipo wengi walipobana matumizi. Soketi moja ikafungwa sebuleni, ikazaa ekstensheni, ekstensheni nayo ikazaa nyingine. Sasa piga hesabu. Jagi la wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Chomeka na pasi ya wati 1,000 hapohapo, tayari umegusa ampea 13 ambazo soketi imetengenezewa, na friza bado halijawashwa. Waya unaanza kupata moto ndani ya ukuta usipopaona. Umeme unaopita ukiwa mara 2, joto linakuwa mara 4.

Kinachoniuma zaidi ni friji inayopiga shoti. Unaingia kwa watu, unataka maji ya kunywa, unaambiwa: "Shemeji, vaa kandambili kwanza, hiyo friji ina shoti." Kandambili zenyewe zimewekwa pale chini ya mlango wa friji, pea moja ya nyumba nzima, na kila mtu ameshazoea. Hata mtoto wa chekechea anajua. Hili si jambo la kuzoea! Maana yake umeme unavuja mpaka kwenye bati la friji, na waya wa ardhi ambao ungeupeleka chini haupo au haufanyi kazi. Kwetu waya huo unachoka upesi. Nondo yake imechomekwa kwenye mchanga, na kiangazi mchanga ukikauka, ardhi haipokei umeme vizuri. Huku Shangani na Mikindani upepo wa bahari nao una chumvi, inakula kile kibanio kinachoshika waya kwenye nondo mpaka kinabaki kutu tupu. Kwa hiyo kumwita fundi friji peke yake hakutoshi. Atatengeneza friji, nyumba itabaki vilevile, na siku pasi ikivuja au mtu akiwa miguu peku kwenye sakafu yenye maji, kandambili hazitamsaidia.

Ishara nyingine hazihitaji utaalamu. Soketi inayopata moto mpaka unatoa mkono. Doa la kahawia kuzunguka matundu ya plagi. Swichi inayounguruma au kutoa cheche kila ukiiwasha. Harufu ya plastiki inayoungua ambayo hujui inatoka wapi. Hiyo usiisubiri hata dakika, zima meni swichi. Ukisikia panya wanakimbizana darini, jua kwamba waya nazo wanazitafuna.

Saketi breka inayokata kila jioni mnapopika na kupiga pasi inafanya kazi yake. Nimesikia watu wakimwambia fundi, "Tuwekee kubwa, hii inasumbua." Wengine kwenye fyuzi wanazungushia waya wa shaba. Nasema wazi, fundi anayekubali kufanya hivyo asirudi nyumbani kwako, kwa sababu kilichokuwa kinakatika ili kuokoa nyumba amekifunga mdomo.

Kuna na hili la "umeme mdogo". Taa zikififia, TANESCO wanalaumiwa mara moja. Toka nje kwanza, muulize jirani. Kama na kwake zimefifia, piga simu TANESCO. Kama kwake ziko sawa na kwako zinafifia kila friji ikijiwasha, uwezekano mkubwa ni kiungo kilicholegea upande wako. Lakini taa zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, au moja inafifia nyingine inang'aa kupita kiasi, zima meni swichi hapohapo kisha toa taarifa. Huenda waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umekatika, na vyombo vyote vinaweza kuungua.

Kuhusu fundi, mwombe akuonyeshe leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, wala usione aibu. Na angalia amekuja na nini. Bisibisi ya testa inasema tu kama umeme upo. Kujua hali ya waya zilizokaa ukutani miaka mingi kunahitaji mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye waya ukiwa umezimwa na kupima kama ganda lake bado linazuia umeme kuvuja. Anayekagua nyumba ya zamani bila mega anakisia.

Wapangaji mtaniambia nyumba si yenu. Ni kweli, na gharama ya kubadilisha waya ni ya mwenye nyumba, msikubali kubebeshwa. Piga picha ile soketi iliyoungua, mtumie kwenye simu, mkumbushe kila unapolipa kodi, na akikaa kimya mshirikishe mwenyekiti wa mtaa. Wakati mnasubiri, soketi hiyo isichomekwe kitu, hata chaja ya simu.