Jodari tumle, nduaro tumwache

Upepo wa kusi ukishalegea na maleleji, majira ya bahari tulivu, kuingia, simu zetu hujaa picha za aina moja. Watu wanne watano wamesimama kwenye boti ya faiba, katikati yao wamemnyanyua nduaro mzima, yule samaki mkubwa wa bahari kuu mwenye mdomo mrefu kama mkuki, mdomo wazi, jicho limekodoka, na wao wanacheka. Chini yake pongezi zinamiminika. Mimi ni mtu wa safari hizo. Nazipenda, nazichangia pesa zangu, na nitazidi kwenda. Ndiyo maana naandika kwa wenzangu tunaopanda nao chombo kimoja: nduaro hatuna haja naye, na tuache kumfungia ndoana kwa ajili ya kujifurahisha.

Wapo watakaodhani nataka watu wakae barazani, kwa hiyo niseme kwanza ninalolipenda. Kwenda baharini siku kadhaa na marafiki ni katika mambo mazuri yaliyobaki kwetu. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wameishi kwa dago vizazi na vizazi. Chombo kinaondoka na unga, maji na zana, watu wanapiga kambi ugenini, Tanga, Mafia, hata pwani ya Kenya, wanavua na kukausha mpaka upepo uwaruhusu kurudi. Sisi wa maofisi na maduka ya mjini tukifika Kisiwa cha Fundo, magharibi ya Pemba, tukatandika mikeka, tukaswali jamaa mchangani, tukanywa kahawa chungu huku nahodha akisoma mawingu, tunaonja kidogo maisha hayo. Mtu unayemjua kwa miaka kumi utamjua upya akishalowa maji ya chumvi siku mbili mfululizo. Nani hulalamika, nani huamka alfajiri kukumba maji bila kuambiwa, nani huficha maji ya kunywa, yote hujitokeza.

Na mahali penyewe hapana mfano. Bahari baina ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, sehemu kubwa mita 30 hadi 50. Pemba ni jambo jingine. Ukitoka nje ya miamba ya magharibi, sakafu inaporomoka, na katikati ya Mkondo wa Pemba kina kinapita mita 700. Mkondo mkuu wa pwani hii unasukuma maji kuelekea kaskazini, dagaa na vibua wanakusanyika kwenye kingo za shimo hilo, jodari wanawafuata, na nyuma ya jodari wanakuja wakubwa. Ndiyo sababu boti inaweza kutoka asubuhi, na bado kisiwa kinaonekana, ikawa tayari iko juu ya bahari kuu.

Jodari ndiye ninayemwendea. Ndege wakishaanza kupiga mbizi kwa pamoja na maji yakachemka, nahodha anapunguza mwendo, anapita pembeni asivuruge kundi, chambo bandia tunakikokota nyuma. Jodari akishika hana mzaha: anazama moja kwa moja, mshipi unalia kwenye rili, na mwenye fimbo anatafuta pa kukaza miguu. Lakini kazi yenyewe huanza akishapanda. Watu wengi hawajui, au wanajua na wanapuuza, kwamba jodari ana damu yenye joto kuliko samaki wengine wengi, na kadiri anavyopigana ndivyo mwili wake unavyozidi kupata moto. Ukimtupa kwenye sakafu ya boti juani, nyama inaanza kuharibika ukimtazama. Mpige kichwani mara moja afe. Mkate nyuma ya mapezi ya ubavuni na kwenye matamvua atoke damu, mtoe matumbo, kisha mzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, maana maji hayo ya baridi yanamgusa kila upande, ilhali mabonge matupu yanamgusa hapa na pale.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya yule jodari anayewawasha watu mdomo. Samaki wa jamii hii akikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Mlaji anapata uso mwekundu, kuwashwa, moyo kwenda mbio, kuumwa na kichwa. Na histamini haiondoki kwa moto: ukaange, uchome, utie ndimu na pilipili hoho, imo. Mtu anayekwenda baharini siku tatu nne na sanduku moja la barafu anawaletea jirani zake maradhi. Safari inayofaa inahesabu barafu kabla ya mafuta. Barafu ikikaribia kwisha, fimbo zinakunjwa hata kama bahari inachemka samaki.

Sasa nduaro. Asubuhi moja tulikuwa magharibi ya Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, mnara wa taa bado unaonekana, tukikokota kwa ajili ya jodari na nguru. Akashika nduaro. Aliruka mbali nyuma yetu, mara mbili tatu, mwili wote nje ya maji, buluu yake inawaka kwa namna ambayo kamera haiwezi kuichukua. Sote tulipiga kelele, nami nilipiga. Mwenzetu mmoja alimshikilia muda mrefu, wakapokezana, mikono inatetemeka. Alipofika ubavuni mwa boti hakuwa yule tena. Milia ilikuwa imezima, ngozi imekuwa rangi ya bati la kale, na jicho moja, kubwa, lilikuwa linatutazama kutoka chini ya maji. Matamvua yalifunguka kwa shida. Mwenye fimbo akasema tumpandishe kidogo tu, picha moja, halafu tumwachie. Mwingine alishaishika kulabu. Nahodha wetu, mzee wa Kipemba aliyeanza dago kabla hajabalehe, hakupandisha sauti. Aliuliza: “Wanangu, huyu mwamtakiani?”

Hakuna aliyejibu. Barafu yetu isingemtosha, sanduku letu lisingemwenea, na nyumbani hakuna aliyekuwa anamsubiri. Mzee akatia gia, boti ikaenda polepole, baharia akamshika kwa mdomo wake mrefu akiwa ndani ya maji, maana nduaro anapumua kwa kwenda mbele ili maji yapite kwenye matamvua. Akisimama anakosa pumzi. Alipoanza kupiga mkia, mshipi ukakatwa karibu na ndoana. Akazama.

Swali lile la mzee ndilo ninalolirudia hapa, maana nimelitafutia jibu tangu siku hiyo na sijalipata. Kula? Nduaro huliwa, kweli, na sokoni mjini Unguja anauzwa. Mwenye njaa, au mvuvi ambaye wavu wake wa jarife umemnasa, ana hoja na sina neno naye. Lakini samaki mkubwa wa kuwinda aliyeishi miaka mingi hujikusanyia zebaki mwilini, na katika nchi nyingi wajawazito na watoto wadogo hushauriwa wasimle. Tukimpeleka nyumbani tunampeleka kwa dada zetu na wake zetu hao hao. Sifa? Hapo ndipo penye uchungu zaidi. Kwa nduaro wa buluu, dume ni nadra kupita kilo 160. Majitu ya kilo 200, 300 na kuendelea, yale yanayotufanya tupige picha, ni majike. Anayejivunia ukubwa wa samaki wake amejivunia kumuua mzazi.

Kuna rafiki yangu ananijibu kwamba basi tuwavue na kuwaachia, kama wanavyofanya Watamu na Shimoni, ambako wenzetu wa Kenya wamekuwa wakiwatia alama na kuwarudisha baharini. Kumwachia ni bora mara elfu kuliko kumuua, na zile alama zimetufundisha jinsi samaki hawa wanavyosafiri mbali. Lakini kwa sisi tunaokwenda kutafuta kitoweo na kukaa na wenzetu, bado nasema hapana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kumchosha samaki mpaka azime rangi, huku tangu mwanzo umeshaazimia kutomla, ni kumfanya nini? Wapo watakaoniambia samaki si ndege wala mbuzi. Mimi sioni roho yake inatofautiana wapi, na yeyote aliyeliona lile jicho kwa karibu anajua ninachokisema.

Mwingine ananiambia boti yetu moja haiharibu kitu, wanaomaliza samaki ni meli za mishipi mirefu na majarife. Kwa hesabu ni kweli: sehemu kubwa ya nduaro wa Bahari ya Hindi huishia kwenye nyavu na mishipi hiyo. Tanzania ni mwanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, na tangu 2018 kamisheni hiyo ina azimio linalohusu jamii hii ya samaki: asibakizwe chomboni aliye chini ya sentimita 60, kupima kuanzia ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia, na nchi zinaweza kufikiria hatua zaidi, kama kuwaachia walio hai. Nduaro wa milia ndiye aliye katika hali mbaya zaidi. Tathmini za wanasayansi wa kamisheni zimeonyesha kuwa ameshavuliwa kupita kiasi. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iko Fumba, Unguja, na ningependa kusikia sauti yake ikisikika zaidi juu ya hili. Lakini tunapoidai serikali izibane meli, tukaja tumekumbatia nduaro kwenye picha, nani atatusikiliza?

Kuhusu manahodha wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, wanaopeleka wageni kuvua, sitaki kumkatia mtu riziki. Mgeni anayelipa kupigana na nduaro analisha nyumba kadhaa. Ninachowaomba ni kidogo. Anayevua kwa chambo cha samaki atumie ndoana za duara, zile zinazoshika pembe ya mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni. Pambano lisirefushwe kwa ajili ya kumridhisha mgeni. Na nduaro asitolewe majini hata kidogo, hata mgeni akiongeza bakshishi. Picha nzuri kuliko zote ni ile anaporuka, na hiyo hupigwa akiwa bado mbali, mita hamsini nyuma ya boti.

Upande wetu, mambo tumeshayapanga. Mwenye fimbo akihisi ni nduaro, anamleta haraka awezavyo au anakata. Kulabu inabaki kwa jodari, nguru na kolekole. Tukishapata mafungu ya kutosha nyumba zetu, na fungu la wenyeji wa Fundo waliotupa maji ya kisima, tunakunja mishipi, hata jua likiwa bado juu. Anayeamua ni nahodha, si aliyechangia pesa nyingi. Wawili kati yetu wamekataa na wamesema watakodi boti yao. Nafasi zao ziko wazi; anayezitaka aje na mkeka wake na masanduku mawili ya barafu.