Huku nimepewa kipimo, nyumbani tulipigwa X

Nimehamia nyumba mpya hapa Rotterdam, Uholanzi, upande wa Prins Alexander. Jirani yangu, mama mtu mzima, akanielekeza tovuti ya serikali ambayo unaandika msimbo wako wa posta tu. Nikaandika. Jibu likaja palepale: tuta la kuzuia maji likipasuka, maji yanaweza kupita kimo changu, nifikirie kubaki ghorofani au kuondoka mapema. Nilikaa na simu mkononi machozi yananilengalenga, wala si kwa hofu. Mtaa huu uko mita 6 hivi chini ya usawa wa bahari, na hakuna aliyenificha wala kunisimanga kwa kuishi hapa.

Mimi ni mtoto wa Kigogo, Dar es Salaam, bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 mnayajua, siyaelezi. Sisi usiku ule tulipandishwa juu ya bati la jirani. Tathmini yetu ilikuja miaka minne baadaye: X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Akamuuliza kijana aliyekuja na rangi, "Mwanangu, unajua maji yanafika wapi hapa?" Akajibiwa, "Mama, nimetumwa tu." Na ukuta uleule ulikuwa na mstari wa tope, juu kidogo ya kitasa cha mlango. Hakuutazama. Akachora X juu yake.

Nasikia tayari: kashakula jibini, anatudharau. Sidharau. Nampigania mama yangu. Mwingine atasema Waholanzi wana hela. Wanazo, ndiyo. Lakini Februari 1953, vita havijawatoka vizuri mwilini, bahari ilivunja matuta yao ikaua watu 1,836. Waliozika ndugu hawakuitwa wakaidi. Na hela si kila kitu: huku kuna bodi 21 za kusimamia maji na matuta, na wakazi wenyewe wanazipigia kura. Kumwambia mtu kina cha maji mlangoni kwake kunahitaji shilingi ngapi?

Halafu kuna wale wa "si wahame tu". Ndugu yangu, hakuna anayepanga bondeni kwa ukaidi. Unapanga Kigogo kwa sababu asubuhi Kariakoo unafika kwa miguu, na nauli ya siku inageuka unga.

Tena ujuzi tunao, na najivunia kusema hivyo mbele ya Mholanzi yeyote. Mwaka 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya mafuriko, ilianza Dar: wanafunzi wa vyuo wakatembea na wenyeji kichochoro kwa kichochoro, wakaandika mitaro, wakauliza maji yaliwafika wapi, kifundoni, gotini au kiunoni. Hiyo ndiyo tathmini! Imetoka midomoni mwa watu wa bondeni. Kinachonichoma ni kwamba ramani zimechorwa, na mama yangu mpaka leo hajaletewa karatasi yenye nyumba yake. Alicholetewa mlangoni ni X.

Nyumba haikubomolewa. Jana nimempigia dada, nikamwomba achukue futi ya fundi apime ule mstari kutoka sakafuni. Sentimita 118. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia anamwita mwanawe wa darasa la kwanza aje asimame ukutani. Mstari unapita juu ya kichwa chake.